Muuza Simu Mpya Afunzwe Nini Kwanza?

 

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne inapokwisha, wanetu hukaa nyumbani miezi kadhaa wakingoja matokeo na nafasi za chuo. Wengi wao, wa kike kwa wa kiume, hupata kazi yao ya kwanza katika maduka ya simu. Tangu Barabara ya Digo na Mwembe Tayari hadi Kongowea, Likoni, Ukunda na Malindi, ni nadra kupita mtaa wenye shughuli usione duka la namna hiyo. Kazi hii ni ya halali na ina heshima yake. Mzazi hufurahi kumwona mwanawe akitoka asubuhi kwenda kutafuta riziki, akauliza mshahara ni kiasi gani na zamu yaisha saa ngapi. Swali moja aghalabu haliulizwi: huko dukani, siku za mwanzo, mtoto huyu anafunzwa nini?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mafunzo ya kwanza ya kazi ndiyo yanayomkaa mtu mkononi. Kijana akifunzwa kueleza, atazoea kueleza. Akifunzwa kuficha, ataficha dukani, kisha ataficha na nyumbani. Wahenga walitwambia udongo tuupatilize ungali maji.

Vijana tunaowasomesha jioni wametusimulia walivyofunzwa, na masimulizi yao yafanana. Hupewa siku mbili au tatu tu. Huonyeshwa majina ya simu na bei zake. Hufunzwa kumtia mteja simu mkononi haraka, kwa kuwa mtu akishaishika huona uzito kuirudisha. Huambiwa wasimwache mteja atoke mikono mitupu. Asiponunua simu, basi na anunue kava. Mwisho hutajiwa idadi ya simu wanazotakiwa kuuza kwa mwezi, na kwamba komisheni yao imefungwa na idadi hiyo. Katika haya yako yasiyo na ubaya wowote, kwani muuzaji hana budi kujua bei, na kava si haramu. Ubaya uko katika yale yaliyoachwa. Sisi twaona yako mambo manne ambayo duka la Muislamu, na la kila mtu anayetaka biashara yake idumu, yapasa yatangulizwe.

La kwanza ni kuijua bidhaa na kumsikiliza mnunuzi. Mfanyakazi mpya aketi kando ya mwenzake mzoefu walau wiki mbili kabla ya kuachiwa meza peke yake. Azishike simu mwenyewe, azifungue, apige picha, apime chaji inavyodumu. Ajue kwamba simu iliyoandikwa gigabaiti 64 haimwachii mnunuzi zote 64, kwa kuwa mfumo wake wenyewe huchukua sehemu. Ajue kubonyeza *#06# ili namba ya utambulisho wa simu itokee kwenye skrini, ailinganishe na iliyo kwenye kasha, kisha aiandike katika risiti. Kila swali la mteja lililomshinda aliandike daftarini na kumuuliza mkubwa wake jioni. Mali bila daftari huisha bila habari, na elimu nayo ni mali.

Baada ya hapo ndipo afunzwe kuuliza kabla ya kueleza. Bibi wa miaka sabini akiingia dukani, huenda haja yake ni kumwona mwanawe aliye Saudia au Omani kwa video, na macho yake hayaoni herufi ndogo. Mama mwingine anataka simu ya kupokelea malipo ya mahamri yake tu, na kwao umeme hukatika kila mara. Wawili hawa hawastahiki simu moja. Wa pili pengine inamfaa simu ndogo ya vibonyezo, ambayo chaji yake hukaa siku kadhaa na bei yake ni nafuu. Muuzaji asiyeuliza atawauzia wote ile yenye komisheni kubwa.

La pili ni kuitaja ila ya bidhaa. Twajua sokoni ziko simu mpya, na ziko zilizotumika ng'ambo zikakarabatiwa na kutiwa katika kasha jipya. Kuuza simu iliyotumika si kosa. Kosa ni kuiita mpya. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu uliofichwa chini. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume hakuukubali udhuru huo; alimtaka aiweke ile iliyolowa juu, watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Simu iliyobadilishwa skrini, au ambayo betri yake imechoka, ndiyo nafaka ya leo yenye unyevu chini.

Hapa kijana atasema, “Maalim, duka si langu. Mwenye duka ndiye aliyeniamuru ninyamaze.” Tunamjibu kwa upole, lakini bila kificho. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wajibu wa kubainisha ila hauishii kwa mwenye mali. Hata mtu wa kando anayeijua ila ya kitu kinachouzwa humlazimu kumjulisha mnunuzi. Ikiwa mpita njia analazimika, sembuse yule anayeipokea pesa kwa mkono wake? Na enyi wenye maduka, mjue kwamba mnapomwamuru binti wa miaka kumi na tisa aseme uongo mbele ya mtu wa umri wa nyanya yake, mnabeba dhambi ya bei hiyo pamoja na dhambi ya kumharibu mtoto wa watu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simu njema haihitaji uongo.

La tatu ni kuitaja bei yote. Siku hizi watu wengi hununua simu kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, na ikiwa malipo yamechelewa simu hujifunga. Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme simu yauzwa taslimu shilingi 14,000. Kwa mkopo, mnunuzi atoa malipo ya awali ya shilingi 2,500, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 365. Zile za kila siku pekee ni shilingi 21,900. Ukijumlisha na ya awali, simu ile imefika shilingi 24,400; yaani imezidi bei ya taslimu kwa shilingi 10,400. Mfanyakazi aliyefunzwa vibaya humwambia mteja neno moja tu: “Ni shilingi sitini kwa siku, mama.” Hakusema uongo, wala hakusema ukweli.

Wanazuoni walio wengi wamejuzisha bei ya mkopo kuwa juu kuliko bei ya taslimu, madamu pande mbili zimekubaliana juu ya bei moja iliyo wazi kabla ya kuachana. Kinachokatazwa ni mtu kuondoka bila kujua ameshika bei gani, na deni kuongezwa kwa sababu ya kuchelewa, kwani hiyo ndiyo ribaa. Kwa hiyo mfanyakazi mpya afunzwe kuiandika hesabu nzima karatasini mbele ya mteja: malipo ya awali, ya kila siku, idadi ya siku, jumla yake, na litakalotokea asipolipa. Kisha amwache mteja afikiri, hata kama atakwenda nyumbani kushauriana na mumewe au wanawe na kurudi kesho. Atakaporudi, atakuja na jirani yake.

La nne, na ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote, ni sitara na amana. Tangu M-PESA ilipoanza mwezi wa Machi 2007, simu imekuwa ndiyo kibindo cha mama wa nyumbani. Humo mna akiba yake, mchango wa chama chake, na matumizi aliyotumiwa na mumewe. Kadhalika humo mna picha zake akiwa nyumbani bila buibui, picha za harusi za upande wa wanawake, na maneno baina yake na mumewe. Anapomkabidhi kijana simu hiyo ili amhamishie vitu vyake kwenye simu mpya, amemfungulia mlango wa chumbani.

Basi kijana afunzwe adabu ya kuingia chumba cha watu. Asifungue picha ila kwa idhini ya mwenyewe. Kazi ya kuhamisha aifanye mbele ya macho yake, wala si nyuma ya pazia. Simu ya zamani ikiwa inaachwa dukani, kila kitu kifutwe mwenyewe akishuhudia. Likiwezekana, duka liwe na mfanyakazi wa kike wa kuwahudumia wanawake katika jambo hili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo imeweka wajibu wa kuzilinda habari za watu, kwa hivyo mwenye kuzichezea ana hesabu ya hapa duniani kabla ya ile ya akhera.

Namba ya siri ni amana ya namna ya peke yake. Wazee wetu wengi humwambia muuzaji, “Mwanangu, nitilie wewe hiyo namba, mimi sijui.” Jawabu lifunzwe tangu siku ya kwanza: “Bibi, hii ni yako peke yako. Nitakuonyesha pa kubonyeza, kisha nitageuza uso.” Ikiwa bibi hawezi kabisa, aitwe jamaa yake anayemwamini. Kadhalika kitambulisho cha mteja kisajili laini yake tu, kisisajili nyingine yoyote. Wateja wa Safaricom waweza kubonyeza *106# wakaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na twawahimiza akina mama walifanye hilo.

Baada ya kutaja haki za mteja, insafu yatutaka tutaje na haki za mfanyakazi, maana anayedhulumiwa hufunzika dhuluma. Tumesikia vijana wakikatwa mshahara mzima kwa simu iliyoibwa dukani au pesa zilizopungua kwenye droo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Hasara ya mali ya duka haikatwi ovyo ovyo. Ni ile aliyoisababisha mfanyakazi kwa makusudi yake, na mwajiri hukata kiasi cha haki. Upungufu wa pesa nao hukatwa pale uliposababishwa na uzembe au kukosa uaminifu kwa mtu ambaye mkataba wake umemkabidhi pesa waziwazi. Kwa vyovyote, makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo kijana afunzwe pia kuhesabu simu na pesa anapoipokea zamu na anapoikabidhi, na kila mmoja atie sahihi. Sahihi hiyo humlinda yeye na humlinda mwajiri.

Tena, idadi ya mauzo isiwe kamba shingoni mwa mtu ambaye bado hajajua kazi. Mwenye duka akimsamehe hesabu hiyo mwezi wa kwanza, atampata muuzaji mtulivu. Akimbana tangu wiki ya kwanza, atampata mtu anayeuza kwa hofu, na mwenye hofu hudanganya.

Sasa twarudi kwenu, wazazi. Kabla binti au kijana hajaanza kazi, nendeni dukani, si kwa ugomvi, bali kwa salamu. Biashara haigombi, na mwajiri mwema hafadhaiki akiulizwa. Ulizeni nani atakayemfunza na kwa muda gani. Ulizeni kama kuna mkataba, na kama ataruhusiwa kusali kwa wakati. Kwa binti, ulizeni zamu yafungwa saa ngapi, nani atakayebaki naye dukani, na kama duka lina laini yake ya kuzungumza na wateja, ili asilazimike kugawa namba yake mwenyewe kwa kila mwanamume anayenunua chaja.

Na jioni anaporudi, msimuulize tu, “Umeuza ngapi leo?” Muulizeni, “Leo umemwambia nani ukweli uliokukosesha mauzo?” Akiwa na jibu, mpongezeni mbele ya nduguze, na ikibidi mpeni nauli ya kesho bila kunung'unika. Komisheni iliyopotea kwa ajili ya ukweli nyumba inaweza kuistahimili. Akiona kwamba nyumbani kwao mkweli hupewa heshima hata akija na mfuko mwepesi, hapatakuwa na mwajiri atakayeweza kumfunza kinyume chake.

Mwenyezi Mungu awape wanetu riziki ya halali, na awajaalie wafanyabiashara wetu wawe waaminifu katika kupima na katika kunena. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.