Jani la Gimbi na Joto la Kompyuta

Asubuhi katika kata ya Kinyala, wilayani Rungwe, mwanafunzi aendaye shuleni hupita kando ya migomba, chai na magimbi. Mvua si haba katika wilaya hiyo, ambayo sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ya usiku huacha juu ya jani la gimbi matone ya mviringo mfano wa shanga. Jani likitikiswa, matone hubingirika na kuanguka, na jani hubaki kavu. Baadaye mwanafunzi huyo hukaa darasani akikariri maana ya mkazo wa uso wa maji na maana ya joto fiche, bila ya kuambiwa kwamba la kwanza amelipita njiani, na la pili ameliacha jikoni kwao.

Hasara ya ufundishaji wa namna hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mambo hayo mawili ndiyo wanayoyategemea wataalamu katika kupambana na mojawapo ya matatizo magumu ya kompyuta, yaani joto.

Tatizo lenyewe

Chipu ni kipande kidogo cha silikoni chenye mamilioni, na siku hizi mabilioni, ya swichi ndogo mno za umeme. Kila swichi ifanyapo kazi hutoa joto kidogo. Joto hilo halienei sawasawa: mahali penye kazi nyingi hupata moto kuliko pengine. Jiko la umeme lenye sahani ya upana wa sentimita 18 na nguvu ya wati 1,500 hutoa kiasi cha wati 6 kwa kila sentimita mraba. Sehemu zenye moto zaidi za chipu zaweza kutoa zaidi ya wati 100 katika eneo kama hilo. Feni na bamba la chuma hupoza chipu nzima, lakini aghalabu hazifui dafu mbele ya sehemu hizo chache, nazo ndizo ziharibuzo chombo.

Hapo ndipo tone la maji linapohitajika. Kupasha gramu 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Sentigredi huhitaji juli 335 hivi. Kuigeuza gramu hiyo hiyo kuwa mvuke huhitaji juli 2,260 zaidi, karibu mara saba. Kwa hiyo tone likivukizwa juu ya sehemu yenye moto huondoka na joto jingi.

Lakini chipu haitakiwi kufikia nyuzi 100. Mwanafunzi wa Tukuyu anaweza kulijibu swali hilo, maana mji wake uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Mafundi hufanya vivyo hivyo: hutia maji katika kijisanduku kilichozibwa na kuondolewa hewa, yakavukizwa kwa joto la chini zaidi.

Matone yarukayo

Mvuke ukishageuka maji upande wa baridi, hauna budi kurudishwa penye moto. Mwaka 2009 Jonathan Boreyko na Chuan-Hua Chen wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza jinsi matone madogo mno yanavyoruka yenyewe juu ya uso usiolowana. Matone mawili yanapoungana, eneo la uso wao hupungua. Sehemu ya nishati inayobaki hugeuka kuwa nishati mwendo na kulirusha tone. Mwaka 2017 kundi la Chen lilionyesha kwamba matone hayo yanaweza kuruka moja kwa moja kutoka upande wa baridi hadi upande wa moto uliokabiliana nao, hata kama chombo kimegeuzwa juu chini.

Uso huo usiolowana ni ndugu wa jani la gimbi. Jani lina nta na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa hunaswa kati ya vinundu, na tone hukaa juu yake bila ya kushikamana na jani.

Maabara iliyo karibu

Walimu wengine husema kwamba hayo hayafundishiki pasipo maabara, na kwamba mtihani hauulizi habari za magimbi. Ni kweli kwamba jani haliwezi kushika nafasi ya kipimajoto, wala matone makubwa ya shambani hayataruka, kwa kuwa uzito wao huyazuia. Hata hivyo, kikaango, maji na saa vinatosha kuanzia. Chini ya uangalizi wa mwalimu, wanafunzi wapime muda wa tone kutoweka kikaango kinapozidi kupata moto. Wataona muda ukipungua, kisha, kwa mshangao, ukirefuka: tone huanza kuelea juu ya mvuke wake lenyewe, jambo lililoelezwa na Johann Gottlob Leidenfrost mwaka 1756. Hapo wataelewa kwa nini hata tone lina kikomo katika kupoza.

Tanzania ina ushahidi wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule usiokuwa wa moto. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walichapisha habari hiyo, na wanasayansi wangali wakibishana juu yake hadi leo.

Mpemba hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na maziwa, jokofu na swali. Mtoto wa Kinyala ana jani, tone na kikaango. Kinachosalia ni mwalimu atakayekubali kuulizwa.