Kona ya Maneno: Majibu ya fumbo la juma lililopita

Mafumbo ya juma lililopita yalikuwa ya ukoo mmoja: yote yalihusu kuzuia. Tuyapitie polepole, maana maneno haya yanafanana lakini hayalingani.

1. Kinakoroga bugali, tena kinakataza (herufi 5): MWIKO. Ni kijiti cha jikoni, na pia ni katazo la mila. Mwiko haukuandikwa popote. Anayeuvunja huogopa wazee na aibu kuliko polisi.

2. Kinasimamisha gari njiani (herufi 7): KIZUIZI. Ni kitu cha kuonekana: mti, kamba, jiwe. Kikiondolewa, njia imefunguka.

3. Hutenga nchi na nchi (herufi 5): MPAKA. Wetu na Burundi na Tanzania unapita ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika, wala mvuvi hauoni kwa macho. Neno hilo pia ni la wakati: "ngoja mpaka kesho."

4. Imekatazwa kwa amri (herufi 8): MARUFUKU. Hapa anayekataza ni mwenye mamlaka, na mara nyingi kuna sababu na muda. Mwaka 2024 Tanzania ilipiga marufuku uvuvi upande wake wa ziwa, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane.

5. Kibali cha mkubwa (herufi 6): IDHINI. Wengi waliandika RUHUSA. Herufi zinaenea, na maana ni karibu, lakini herufi ya pili ilikuwa D. Idhini ndilo neno la karatasi na sahihi.

Tukae kidogo kwenye neno hili la tano, kwa sababu linatugusa. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, vifungu 448 na 450, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kununua, kuuza, kujifunga kwa mkataba au kwenda mahakamani kwa kesi ya madai. Mwalimu, muuza ndagala, mkulima wa mihogo, wote walikuwa sawa mbele ya idhini hiyo.

Tarehe 15 Julai 2016 sheria namba 16/008 iliiondoa. Bado inasema mume ni mkuu wa nyumba. Lakini kuhusu mikataba, sasa inataka mume na mke WAPATANE, na sharti hilo linawafunga wote wawili. Tuangalie tofauti: anayeomba idhini yuko chini, anayepatana yuko kando. Na bwana naye akitaka kuuza shamba la nyumba, azungumze kwanza na mke wake.

Kwa hiyo, mama, mtu akikudai barua ya idhini ya mume huku hamdai bwana barua ya mke, muulize kwa heshima: ni sheria, au ni mwiko? Jina la kizuizi likijulikana, tunajua tumwendee nani: wazee, chifu au mwanasheria. Vikundi vyetu visome jambo hili pamoja, na mabwana wakaribishwe kusikiliza.

Fumbo la juma lijalo: Unacho bila kukiomba kwa mtu (herufi 4). Andikeni jibu, mlete siku ya mkutano.