UCHAMBUZI: Vitamini D kwa tone la kidole, namba moja na maana mbili

Kujipima vitamini D nyumbani si ajabu tena. Uingereza vifaa vyake vinauzwa famasi na hata supamaketi. Marekani unaagiza kwa simu, boksi linafika mlangoni, unajitoboa kidole na kurudisha damu kwa posta. Huku Ghuba mambo ni ya starehe zaidi: maabara inamtuma nesi mpaka sebuleni, anafunga mpira mkononi, anavuta damu, na baadaye majibu yanaingia kwenye simu yako.

Julai 2025 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliokwenda madukani mwaka 2023 kama wanunuzi wa kawaida, wakanunua vipimo 30 vya kujipima magonjwa na hali mbalimbali, cha vitamini D kikiwemo. Walivikagua wakakuta baadhi vina kasoro za vifaa, baadhi maelekezo yake yanachanganya, na baadhi mnunuzi anaweza kusoma majibu kinyume. Madai ya usahihi mkubwa yamo kwenye maboksi mengi, lakini ushahidi wenyewe kuupata ni kazi.

Habari hii inatugusa kuliko wengine. Familia zetu zina kila sababu ya kuwa na vitamini D ndogo. Mwili unaitengeneza pale jua linapoipiga ngozi, na kina mama wengi wanatoka na buibui au abaya na shungi. Muscat na Dubai jua lipo la kumwaga, ila wakati wa kiangazi, digrii 45, nani anakaa nje? Nyumbani kiyoyozi, garini kiyoyozi, na jua linalopita kwenye kioo halisaidii kitu, kwa sababu kioo kinazuia ile miale inayohitajika. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanawake 41 wenye afya zao katika Hospitali ya Royal, Muscat. Wote 41 walikuwa chini ya kiwango cha 50. Walio Uingereza wana shida nyingine: kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la kule halina nguvu ya kutengeneza vitamini D, hata ukikaa bustanini kutwa.

Linganisha na Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walipima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili, juani siku nzima. Wastani wao ulikuwa 115. Watu weusi, ngozi inayopunguza kazi ya jua, na bado wana mara mbili na zaidi ya kile kiwango ambacho wanawake wa Muscat hawakukifikia. Kwa hiyo tatizo si asili yetu. Ni maisha tunayoishi.

Sasa hizo 50 na 115 ni za nini? Hapa ndipo fujo inapoanza. Kinachopimwa kote duniani ni kitu kimoja, ile vitamini D iliyokwisha kupita kwenye ini na kuhifadhiwa katika damu. Lakini Uingereza wanaiandika kwa nanomoli kwa lita, nmol/L, na Marekani kwa nanogramu kwa mililita, ng/mL. Ghuba utakutana nazo zote mbili, kutegemea maabara. Kuigeuza ya Kimarekani kuwa ya Kiingereza unazidisha kwa mbili na nusu.

Fikiria kundi la WhatsApp la familia moja. Dada mkubwa yuko Muscat, majibu yake 52. Mdogo wake yuko Ohio, yake 24. Mara moja vinaanza vilio: "Maskini, yake nusu ya yangu, mpelekeeni dawa!" Kumbe 24 ya Ohio ukiizidisha ni 60. Aliyepewa pole ndiye aliye juu, na anayetoa pole ndiye wa chini, ingawa yeye mwenyewe naye si mgonjwa. Watu wanatumiana namba tupu kama wanavyotumiana bei ya dhahabu, bila kusema ni ya dola au ya riali.

Na hata ukijua kizio, bado kuna mstari wa kugawa wazima na wapungufu, na mstari huo haukubaliwi na wote. Uingereza chini ya 25 nmol/L ni upungufu, kati ya 25 na 50 huenda haitoshi kwa baadhi ya watu, juu ya 50 inatosha. Marekani, Taasisi ya Tiba ilitoa ripoti iliyosema ng/mL 20, yaani 50 ileile, inawatosha karibu watu wote. Lakini mwaka 2011 chama cha madaktari wa homoni, Endocrine Society, kilipandisha mstari mpaka 30, na maabara nyingi za Marekani mpaka leo zinachapisha 30 hadi 100 kuwa ndiyo kawaida. Kwa hiyo damu ya yule dada wa Ohio, ikisomwa Birmingham, inatosha. Ikisomwa kwake inapigwa alama nyekundu. Damu moja, mtu mmoja, asubuhi moja.

Juni 2024 chama hichohicho kiliurudia mwongozo wake na kuuacha ule mstari wa 30. Zaidi ya hapo, kilishauri watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kama desturi, wakiwemo wenye ngozi nyeusi. Badala yake kilitaja makundi ya kupewa bila kupima: watoto wa mwaka 1 mpaka 18, wajawazito, wazee wa miaka 75 na zaidi, na wale walio kwenye hatari kubwa ya kuingia kwenye kisukari. Wauzaji wa vipimo hawakuitangaza sana habari hiyo, na huwezi kuwalaumu, biashara ni biashara.

Kwa maoni yetu hapa ndipo pa kuangalia kabla ya kutoa kadi ya benki. Ushauri rasmi wa Uingereza tangu 2016 ni kwamba kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10, yaani IU 400, kila siku majira ya baridi, na mwenye ngozi nyeusi au anayefunika mwili au asiyetoka nje, mwaka mzima. Bi mkubwa anayevaa buibui na kukaa ghorofani Leicester yumo tayari kwenye orodha hiyo. Namba yake iwe 20 au iwe 45, ushauri wa kuanzia ni uleule, na chupa ya miezi kadhaa mara nyingi ni rahisi kuliko kipimo kimoja. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama naye anapewa matone ya IU 400 au karibu yake tangu siku za mwanzo, kwa sababu maziwa ya mama, pamoja na baraka zake zote, vitamini D yake ni kidogo. Hili la mtoto ndilo tungependa lisambae kwenye makundi kuliko namba za watu wazima. Matege hayajaisha duniani, na Ghuba yenye jua lote hili madaktari bado wanayaona.

Hatari inayotutia wasiwasi zaidi ni kinachofuata baada ya alama nyekundu. Kwetu watu hawapendi dawa ya kidogo kidogo. Kuna kidonge cha IU 50,000 ambacho daktari huandika mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, kisha basi. Kikifika nyumbani kinageuka mali ya ukoo. Mama anampa dada, dada anampa shemeji, na katika kupokezana yale maneno "kwa wiki" yanapotea njiani. Mtu akikimeza kila siku anakunywa zaidi ya mara 12 ya kikomo cha IU 4,000 kwa siku kilichowekwa kwa watu wazima Uingereza na Marekani. Kalsiamu inapanda kwenye damu: kiu, kutapika, kufunga choo, kuchanganyikiwa, mawe ya figo, na figo zenyewe kuharibika. Mwaka 2023 huko Uingereza mzee mmoja alifariki akiwa na vitamini D iliyofika kikomo cha juu ambacho maabara iliweza kupima, na afisa anayechunguza vifo akaandika kulalamika kwamba paketi hazina onyo la kutosha.

Wapo pia wanaosifu dozi moja kubwa ya kukutosha mwaka. Australia walilijaribu hili kwa wanawake zaidi ya 2,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea: nusu wakamezeshwa IU 500,000 mara moja kwa mwaka, nusu dawa bandia. Matokeo yaliyotoka 2010 yaliwashangaza wenyewe. Waliopewa vitamini ndio walioanguka zaidi na kuvunjika mifupa zaidi. Anayemshika bibi mkono kumpeleka kupata "ile kubwa" angefaa alijue hili kwanza.

Na faida nyingine tunazoahidiwa? Saratani, moyo, uchovu, nywele? Marekani walifuata watu 25,871 kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza IU 2,000 kila siku. Saratani haikupungua, maradhi ya moyo hayakupungua. Mwenye upungufu wa kweli dawa inamfaa sana. Anayetosheka haongezewi kitu.

Haina maana kupima ni upuuzi. Wapo wanaohitaji hasa, ila hao kidole na posta haviwatoshi. Mtoto aliyechelewa kutembea, miguu inapinda, au aliyepata degedege. Mtu mzima mwenye maumivu ya mifupa na misuli inayomshinda kupanda ngazi. Mgonjwa wa figo au ini. Anayetumia dawa za kifafa. Aliyekatwa tumbo ili kupunguza uzito, jambo ambalo Ghuba limekuwa kama kwenda saluni. Hawa waende hospitali, damu itolewe mshipani na kalsiamu, fosfeti na homoni ya parathiroidi zipimwe pamoja. Kipimo cha nyumbani hakitoi picha hiyo, na kikitoka kijani kinaweza kumchelewesha mtu kwenda.

Anayetaka kujipima bado, basi ajue anachonunua. Kipo kijiti cha papo kwa papo, mfano wa kile cha Covid, unadondosha damu na kusubiri mistari. Hicho kinakuweka kwenye fungu tu, chini, wastani au juu, na kusoma rangi ya mstari kwa taa ya jikoni ni ubishi wa mke na mume. Kipo cha kudondosha damu kwenye karatasi nene na kuituma maabara. Birmingham kuna maabara ya NHS inayotoa huduma hiyo kwa umma. Hicho ni bora zaidi, maadamu maabara ina usimamizi na imo kwenye mpango wa kulinganisha ubora. Kampuni isiyosema damu yako inakwenda maabara gani, iache.

Nawa kwa maji ya moto kiasi, toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, futa tone la kwanza, na usikamue kidole kama unakamua ndimu, maana ukikamua unachanganya damu na maji ya mwili. Wanaomeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini waulize maabara kwanza waache siku ngapi. Mashine za aina fulani huchanganywa na biotini zikatoa namba kubwa kuliko ukweli, na mwenye upungufu akaambiwa yuko sawa. Ukishaanza dawa usirudie kupima wiki ijayo; kiwango kinapanda polepole, miezi mitatu ndiyo muda wa maana. Na ukiituma namba kwenye kundi, andika kizio chake, mwezi uliopima, na dozi unayomeza.

Linabaki swali linaloulizwa kila mara, la halali. Vitamini D3 nyingi inatokana na mafuta ya sufi ya kondoo, na ipo pia ya kuvumwani (lichen). Tatizo mara nyingi si vitamini, ni ganda la kidonge, ambalo huwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Matone na vidonge vikavu visivyo na ganda vinaliepuka hilo, na mfamasia ukimuuliza anaweza kukutazamia kwenye karatasi ya ndani ya boksi.