Taa kali barabarani: Dawa ya giza au chanzo cha upofu?

HATUA ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2023 kuruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyowekwa miaka ya 1990, ilipokewa kwa furaha na wasafiri na wafanyabiashara wengi. Hata hivyo, imeibua upya swali ambalo kwa muda mrefu halikupewa uzito: je, magari yanayopita usiku katika barabara kuu yana taa zinazomwezesha dereva kuona, huku zikimwacha na mwenzake anayekuja mbele aone?

Kenya nayo iliwahi kujaribu njia ya marufuku. Baada ya basi na lori kugongana Migaa, karibu na Salgaa, Desemba 31, 2017 na watu 36 kupoteza maisha, safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu zilisimamishwa. Miezi michache baadaye zilirejea. Uchumi wa nchi hizi haulali, na usiku hauwezi kufutwa kwa tangazo.

Madereva wengi wamejitafutia dawa yao wenyewe. Katika maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam, na yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, glopu za LED na za zenoni zenye mwanga mweupe unaokaribia rangi ya bluu zimekuwa bidhaa ya kawaida. Fundi huchomoa glopu ya zamani, huchomeka mpya, na dereva huondoka akiamini kwamba amelishinda giza.

Hofu ya dereva huyo ina msingi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kung'amua hatari na kukanyaga breki, gari limekwisha kusogea mita 33, na kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 35 hivi ili lisimame. Jumla ni karibu mita 70. Kwa mwendo wa kilomita 100, jumla hiyo hukaribia mita 100. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa na taa zilizoshushwa, mara nyingi huonekana akiwa amekwisha kuwa ndani ya umbali huo.

Ni kweli kwamba teknolojia imepiga hatua. Glopu ya halojeni aina ya H4, iliyoingia sokoni mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi ya Afrika Mashariki, hutoa lumeni 1,000 hivi inaposhushwa na 1,650 inapopandishwa. Zenoni, ambayo BMW ilianza kuifunga katika magari yake mwaka 1991, hutoa lumeni 3,000 hivi kwa umeme mdogo zaidi. Mwaka 2007 Lexus ikatoa gari ambalo taa zake za kushusha zilitumia LED.

Tatizo ni kwamba taa haiishii kwenye glopu. Umbo la kiakisi mwanga kilicho nyuma yake hupimwa kwa milimita kulingana na mahali hasa panapowaka. Ndani ya H4, waya wa mwanga wa kushusha umewekewa kikinga kidogo chini yake ili mwanga usiruke juu. Glopu ya LED isiyotengenezwa kwa uangalifu haiwakii mahali pale pale, hivyo kiakisi hutawanya mwanga ovyo. Sehemu huenda kwenye macho ya dereva anayekuja, na sehemu humwagika kwenye lami iliyo karibu na bampa.

Mwanga huo wa karibu ndio humdanganya mwenye gari. Lami inapong'aa mbele yake, mboni ya jicho husinyaa, na uwezo wa kuona vilivyo mbali hupungua. Dereva huona mwanga mwingi, lakini haoni mbali zaidi. Rangi ya bluu nayo huumiza zaidi macho ya wengine, na baadhi ya glopu za kawaida zilizopakwa rangi hiyo hutoa mwanga pungufu kuliko zile zisizopakwa.

Kisha yanafuata mashindano yasiyo na mshindi. Dereva aliyemulikwa hujibu kwa kupandisha taa zake, na siku inayofuata huenda naye kununua glopu kali zaidi. Anayelipa gharama ni mwendesha bodaboda, mpanda baiskeli na mtembea kwa miguu aliye pembezoni, ambao humezwa na giza wakati madereva wawili wakipofushana.

Mataifa yaliyotangulia yaliliona hili. Kanuni za Ulaya huzitaka taa zinazozidi lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kurekebisha kimo chake na wa kusafisha vioo vyake. Ujerumani haikuruhusu glopu za LED kufungwa katika taa za halojeni hadi mwaka 2020, na hata hapo ruhusa ilihusu glopu maalumu kwa aina za magari zilizotajwa moja moja. Kinachopimwa ni glopu na taa yake kwa pamoja.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Taa za magari kutoka Japani huinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili kumulika pembezoni, na kuukata upande wa kulia ili kumlinda anayekuja. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, zinazoendesha kushoto, hilo ni sawa. Gari hilo hilo likivuka kwenda Burundi au mashariki mwa Congo, ambako watu huendesha kulia, mwanga ulioinuliwa humwelekea anayekuja.

Dawa nyingi za kweli ni za bei nafuu. Vioo vya taa vya siku hizi ni vya plastiki, na jua huvifanya viwe vya manjano na ukungu. Kuving'arisha au kuvibadilisha hurudisha mwanga uliopotea. Nyaya zilizochakaa hupunguza umeme, na umeme ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni hushuka kwa karibu asilimia 30. Rilei na nyaya nene huondoa kasoro hiyo bila kumuumiza yeyote.

Kipimo cha kimo nacho hakihitaji mtambo. Gari likisimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa juu wa mwanga ulioshushwa kwa kawaida unapaswa kuwa sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa zenyewe. Gari likijazwa mizigo nyuma, pua huinuka na kipimo hicho huharibika. Magari mengi yana kitufe cha kurekebisha hali hiyo karibu na usukani, lakini ni madereva wachache wanaokigusa.

Wajibu wa mamlaka nao hauepukiki. Ukaguzi wa magari unaoishia kuuliza kama taa zinawaka hautoshi; swali ni zinamulika wapi. Kifaa cha kupima mwelekeo wa taa kinapaswa kuwa cha lazima katika kila kituo cha ukaguzi, na mabasi ya usiku yawe ya kwanza kupimwa. Kumwadhibu dereva huku glopu zisizo na viwango zikiendelea kuuzwa mchana kweupe ni kukata matawi na kuacha mzizi.

Wala taa pekee hazitoshi. Lori lililoharibika na kuachwa barabarani kwa onyo la matawi ya miti, trekta lisilo na viakisi, na mistari ya barabara iliyofutika, yote hayo humshinda hata dereva mwenye taa bora. Stika za kuakisi mwanga nyuma ya tela ni za gharama ndogo kuliko seti ya glopu za kifahari, na huonekana hata mbele ya taa hafifu.

Hadi hayo yatakapofanyika, kinga ya uhakika aliyonayo dereva ni kupunguza mwendo hadi ule unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Abiria aliyelala kwenye kiti cha basi saa nane za usiku hana njia ya kukagua taa wala kukanyaga breki. Maisha yake yamo mikononi mwa dereva wake, na mwa dereva asiyemjua anayekuja kutoka upande wa pili.