Walioshiba Gani Hao?

Imeandikwa magazetini, na si mara moja, kwamba tamasha la filamu za majaribio ni mchezo wa walioshiba; Kakamega, Kenya, ijengewe kwanza kumbi za sinema, mengine baadaye.

Mwongozaji wa Uganda, Isaac Nabwana, hakungoja ukumbi. Mtaani Wakaliga, Kampala, alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutokana na vipuri. Bajeti yake husemwa haikufika dola 200. Mwaka uliofuata, Slum Film Festival ilianzia mitaa ya Kibera na Mathare, Nairobi.

Ati mtazamaji wa Kakamega hataelewa filamu isiyo na kisa kilichonyooka? Huyu hurauka alfajiri kwenda kutazama mafahali wakipigana huku ngoma ya isukuti ikirindima, pambano lisilo na mwandishi wala mwisho uliopangwa, na bado uwanja hufurika.

Kikwazo halisi si ukumbi wala mtazamaji, ni Sheria ya Kenya ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura 222: leseni kabla ya kurekodi, ukaguzi kabla ya kuonyesha. Filamu ya Stories of Our Lives, kwa mfano, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2014. Mwaka 2015 ikatuzwa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Hilo, watetezi wa kumbi hawakuligusa.