Picha ya infraredi shambani: Ulizeni kabla ya kulipa

SIKU hizi si ajabu kumwona kijana mwenye kamera au ndege ndogo isiyo na rubani akipita mashambani, akiwaeleza wakulima kuwa anaweza kupiga picha itakayoonyesha ugonjwa wa mahindi kabla jicho halijauona. Hutaja infraredi, huonyesha picha yenye mabaka ya kijani na mekundu, kisha hutaja bei kwa ekari. Mkulima hubaki akijiuliza kama huo ni utaalamu au ni ujanja wa mjini.

Sisi tunaona kuwa utaalamu huo ni wa kweli. Hata hivyo, anayelipa bila kujua ananunua nini anaweza kupoteza fedha mara mbili: kwanza ya picha, pili ya mbolea au dawa iliyowekwa pasipohitajika.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula. Mwanga unaofuata baada ya huo mwekundu, ambao macho yetu hayauoni, ndio infraredi. Jani halina kazi nao, hivyo hurudisha karibu nusu yake. Mmea ukipata shida, mara nyingi jani huanza kurudisha infraredi kidogo na mwanga mwekundu zaidi. Wataalamu hulinganisha aina hizo mbili za mwanga na kupata kipimo kiitwacho NDVI, ambacho hakizidi 1. Shamba lililostawi hukaribia namba hiyo, na udongo mtupu huwa chini sana.

Mambo haya si mageni. Mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, alichapisha picha za infraredi mwaka 1910, miti ikionekana na majani meupe kama pamba. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California alichapisha utafiti wa kutambua magonjwa ya nafaka kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Kilichobadilika ni gharama, kwani kazi iliyohitaji ndege na filamu maalumu sasa inafanywa na kamera ndogo ya dijitali.

Kwa kweli kamera yoyote ya dijitali ina uwezo wa kupokea infraredi, ila kiwandani huwekewa kioo cha kuizuia ili rangi zisiharibike. Mwenye shaka achukue rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye kamera ya simu na kubonyeza. Katika simu nyingi ataona taa ya rimoti ikiwaka, ingawa kwa macho haionekani. Fundi anapobadili kamera kwa kazi hii, huondoa kioo hicho na kuweka filta nyingine.

Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa makini. Filta inayopitisha mwanga kuanzia nanomita 720 hutoa picha nzuri ya kutundika ukutani, lakini peke yake haitoshi kupata NDVI, kwa sababu mwanga wa kulinganisha umezuiwa. Kamera ya shamba inatakiwa kupokea infraredi pamoja na mwanga wa kawaida. Lenzi nazo zina mambo yake. Baadhi huacha doa jeupe katikati ya picha zinapopitisha infraredi, na mkulima anaweza kuambiwa kuwa katikati ya shamba ndiko kulikostawi, kumbe ni lenzi. Wingu likipita, namba hubadilika, ndiyo maana mpigaji makini huanza kwa kupiga picha ya kibao chenye weupe unaojulikana, ili apate cha kulinganishia.

Tunawaonya pia mafundi na wafanyabiashara wa kamera za mtumba. Flashi ya kamera huhifadhi umeme hata betri ikitolewa, na asiyejua akiifungua anaweza kupigwa shoti kali. Aidha, kamera iliyobadilishwa hivi haipimi joto. Kamera ya joto ni chombo kingine kabisa, na kumuuzia mtu moja kwa jina la nyingine ni udanganyifu.

Hata picha ikiwa sahihi, haisemi ugonjwa ni upi. Kiu, maji yaliyotuama, upungufu wa naitrojeni, funza wa mabua na kutu ya majani, vyote vinaweza kuonekana kama baka lilelile. Mkulima anayeona baka na kukimbilia urea, wakati tatizo ni maji yaliyotuama, ametupa fedha. Lazima mtu aingie shambani, ageuze jani na kuchimbua mzizi.

Kwa hiyo faida ya picha ni kumwonyesha bwana shamba aanzie wapi. Mwenye ekari moja hulizunguka shamba lake kwa muda mfupi na hahitaji kulipia picha. Skimu ya mpunga ya ekari 120 yenye wakulima 60 ni habari nyingine, kwa kuwa ofisa ugani mmoja hawezi kuikagua yote kwa siku moja. Tuseme, kwa mfano, bei ni Sh5,000 kwa ekari. Jumla ni Sh600,000, yaani Sh10,000 kwa kila mkulima. Wajiulize kama picha itaokoa mbolea, dawa au mavuno ya thamani inayozidi hapo. Kama sivyo, waache.

Vilevile zipo picha za bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupima infraredi kwa vipande vya mita 10 kwa 10, hivyo ekari moja hupata vipande kama 40. Udhaifu wake ni mawingu ya masika. Kipimo cha NDVI kutoka setilaiti ndicho kilichotumika Marsabit, Kenya, katika bima ya mifugo iliyoanza mwaka 2010. Malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

Tunashauri vyama vya ushirika viingie mikataba hii kwa pamoja badala ya kila mkulima kivyake. Mtoa huduma aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kama anarusha ndege, aeleze filta aliyotumia, na sehemu ya malipo isubiri hadi bwana shamba akague mabaka yaliyoonyeshwa. Halmashauri nazo ziwafundishe maofisa ugani kusoma picha za setilaiti zisizo na gharama. Mkulima asilipie kwa ekari kile ambacho ofisi ya kilimo ingeweza kumpa bure.