Tununue Lini Lenzi ya Kamera?

Chama chetu cha wapiga picha kina kamera moja ya Canon, ya namna ya zamani, na fedha zilizochangwa na wanachama pamoja na wazee wetu waliosoma hapa. Sasa pana mabishano. Wengine wasema tununue lenzi mbili mara moja: fupi ya kupigia picha za watu na ndefu ya kupigia michezo. Wengine wasema tungoje mpaka bei zishuke. Mimi naona kila upande una nusu ya haki, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza yafaa tujue kwamba bei ya lenzi haishuki kama bei ya nyanya. Nyanya huoza jioni, na mwenye nyanya ajua hivyo. Lenzi iliyotunzwa yaweza kukaa miaka mingi. Bei yake hushuka kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kuzaliwa kwa mdogo wake. Mwaka 2010 Canon walitoa toleo la pili la lenzi yao ya milimita 70 mpaka 200, ipendwayo sana na wapiga picha wa michezo na arusi. Mwaka 2018 likatoka la tatu. Mpangilio wa vioo vya ndani ulikuwa ule ule. Kilichobadilika hasa ni dawa iliyopakwa juu ya vioo. Basi aliyetaka jina jipya alilipa bei mpya, na mwenye subira alilitafuta toleo la pili kwa waliokuwa wakiliuza, wala picha zake hazikuwa duni.

Mwaka huo huo wa 2018 Nikon na Canon walileta kamera zisizo na kioo cha ndani, zenye mdomo mpya wa kushikia lenzi. Mdomo wa zamani wa Nikon ulikuwako tangu 1959, na wa Canon tangu 1987. Watu wengi wakauza lenzi zao za zamani ili wapate mpya. Kwetu sisi hiyo ni neema, kwa kuwa zile za Canon zaingia kamera yetu bila taabu. Hata siku tutakapopata Canon ya mdomo mpya, twaweza kuzitumia kwa kipande cha kuunganishia.

Sababu ya pili ni msimu. Huko Marekani, Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, mwezi wa Novemba, maduka hupunguza bei za vitu vingi, na lenzi zimo. Lakini mwenye kuagiza kutoka huku na ahesabu nauli na kodi. Hapa Uganda kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 18. Punguzo dogo laweza kumezwa lote njiani. Na chombo kikiwa na kasoro, nani atakirudisha ng'ambo?

Sababu ya tatu ni haja ya muuzaji. Mwezi wa Desemba, arusi zikiwa nyingi, mpiga picha hauzi chombo chake cha kazi. Arusi zikipungua na shule zikakaribia kufunguliwa, mtu yule yule hutafuta karo ya watoto. Hapo aghalabu hukubali bei ambayo Desemba angeicheka. Hata hivyo tusimkamue mtu kwa sababu ana shida. Biashara haigombi, lakini bei njema ni ile itakayowawezesha muuzaji na mnunuzi kusalimiana tena wakikutana njiani.

Tena tukumbuke kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi kabla ya kutoa fedha. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, na katika nchi zetu zenye unyevu ugonjwa huo ni wa kawaida. Lenzi ya namna hiyo ni ghali hata ukiipata kwa nusu ya bei.

Sasa rai yangu. Lenzi fupi tuinunue muhula huu. Ile ya milimita 50 ya mdomo wa zamani, iliyotolewa mwaka 2015, iliuzwa Marekani kwa dola 125 hivi ilipokuwa mpya. Mwenzake wa mdomo mpya alitoka mwaka 2020 kwa dola 200 hivi. Kitu cha bei ndogo namna hiyo, hata kikishuka, kitatuachia fedha kidogo tu. Lakini wenzetu wa Kidato cha Sita watatawanyika mwisho wa mwaka, na hakuna punguzo la Februari litakalowarudisha wasimame mbele ya kamera.

Lenzi ndefu tuingoje mpaka Februari. Hapa ndipo fedha nyingi zilipo, na hapa ndipo subira italipa. Wanaopinga husema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Ni kweli, ikiwa mtu angoja bila kujua angojea nini. Basi katibu na aandike katika daftari la mkutano bei ya juu tutakayokubali, na siku ya mwisho ya kungoja iwe mwisho wa muhula wa kwanza. Siku hiyo ikifika, tununue ile iliyo nzuri kuliko zote tulizozipata.

Mimi mwenyewe ni wa Kidato cha Sita, nami sitaigusa hiyo lenzi ndefu. Wenzangu wa darasa wasema nawanyima raha ya kuitumia kabla hatujaondoka. Nawajibu kwamba fedha zilichangwa kwa ajili ya chama, na chama kitabaki baada yetu. Nanyi wazee wetu mfanyao kazi Kampala, tafadhali anzeni kuulizauliza bei tangu sasa, ili Februari isiwakute wadogo zenu gizani.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita